Kukwangua

Wameniajiri kwa siku, elfu kumi na tano na chai,
nizikwangue kuta za Nyumba ya Mselemu
zirudi, kasema bwana wa Mambo ya Kale, kwenye asili yake.
Sikumuuliza ipi. Nilihitaji kazi.

Ya juu ni buluu, rangi ya mafuta,
ya miaka ile nyumba ilipokuwa zahanati.
Inabanduka vipande vipana kama ukoko wa ugali.
Hapa nilichomwa sindano ya surua,
mama kanibana magoti,
nesi Chilewa akisema, tazama mlango, usitazame mkono.
Nikatazama mlango.
Nadhani sijaacha kuutazama.

Chini ya buluu, kijani kilichopauka, ofisi ya ushirika.
Mtu kaandika ukutani kwa penseli:
karanga, magunia arobaini na moja. Mbijima, deni.
Mbijima, popote ulipo,
deni lako nimelipiga picha kwa simu
kisha nimelikwangua.

Chini ya kijani, chokaa ya Wajerumani,
nyeupe, ngumu, haina neno.
Imenivunjia patasi mbili.
Tundu nne za misumari, mstari mmoja, kimo cha mtu.
Palikuwa na rafu, anasema bwana.
Bibi yangu hakuwahi kutaja rafu.
Bibi yangu, kila akifika hapa,
alivuka barabara.

Nje kuna bango la shaba:
Mjenzi, Mselemu bin Hafidhi, mfanyabiashara, 1871.
Mjenzi!
Mselemu alikaa barazani na kikombe chake cha kahawa,
akipima pembe, akibishana hongo,
misafara ikishuka Mpwapwa kunywa maji
kabla ya nyika isiyo na maji.
Udongo hakuukanda. Kanzu yake ilikuwa nyeupe.

Na mlango je? Mlango ulipanda kutoka pwani
juu ya vichwa vya watu, vipande kumi na viwili,
kila kipande na mikato yake ya kisu kwa nyuma,
mmoja, miwili, mitatu,
ili huku bara vikutane bila kugombana.
Niliuona siku tulipoushusha kuuosha.
Cha sita kipo. Cha nane kipo.
Cha saba ni mti mwingine, mwekundu zaidi,
hauna mkato,
na aliyeuchonga hakuyajua maua ya pwani:
penye waridi kaweka suke la uwele.

Mkata ilikuwa imefurika, wanasema.
Hapana, hawasemi. Nasema mimi.
Mzigo wa saba ulikwenda na maji,
na aliyeubeba alikwenda na mzigo,
na Mselemu akaandika hasara: mbao, kipande kimoja.

Leo nimefika chini kabisa.
Udongo wa kichuguu, samadi, makapi ya uwele,
na vidole.
Vidole vinne na gumba, vimeburuzwa kutoka kulia,
vikapanda, vikageuka,
jinsi mama alivyosiriba kwetu Chunyu,
jinsi ninavyosiriba mimi.
Nikaweka mkono wangu juu yake.
Haukutosha. Ulikuwa mdogo,
wa msichana wa miaka kumi, labda kumi na moja,
na kwenye kona amechoka, amepiga kofi tu, akaondoka.

Lainisha, akasema bwana. Wageni wanakuja Jumatatu.

Nimelainisha.
Sebule nimelainisha, ukumbi nimelainisha,
mkono wangu umepita juu ya mkono wake mchana kutwa
kama watu wawili wanaofua beseni moja.
Nimebakiza pa upana wa sahani, nyuma ya mlango.
Mlango ukiwa wazi pamefichika,
na wageni huingia mlango ukiwa wazi.

Jioni mlinzi Nhonya anafunga.
Jana kanipigia simu: fundi, umesahau mahali.
Nikamwambia najua.
Akanyamaza kidogo, nikasikia komeo,
halafu akaniuliza kama elfu mbili yake nitairudisha lini.